Fungate, Figa na Hati: Nyumba ya Maharusi Ni ya Nani?

Mwaka 1988, nikiwafundisha wanafunzi wa Kidato cha Pili msamiati wa harusi, niliandika ubaoni neno *fungate*. Nikaeleza kama nilivyofundishwa chuoni: kwamba ni siku saba ambazo maharusi wa pwani hukaa ndani baada ya kufunga ndoa, wakiletewa chakula na kutunzwa na jamaa zao. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo si ndiyo *muhungate* yetu?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu katika miaka yote niliyokuwa nimesoma Kiswahili hakuna mtu aliyewahi kunionyesha jambo hilo, na sasa nilikuwa nimeonyeshwa na mtoto wa miaka kumi na mitano. Katika Kikuria, lugha ya mama wa wengi wetu hapa Tarime, *muhungate* ni namba saba. Wadigo na Wagiriama huiita *fungahe*. Wasambaa husema *mfungate*. Kiswahili nacho kilikuwa na neno lake la Kibantu la namba hiyo, kabla ya sokoni na katika hesabu za biashara *saba* ya Kiarabu kulichukua kiti chake, kama *sita* ilivyochukua kiti cha *tandatu*, na *tisa* ikaisukuma pembeni *kenda*. Neno la kale la saba halikufa lakini. Lilikimbilia chumbani kwa maharusi, likajifungia humo, na humo limebaki mpaka leo.

Nasema haya kwa wapenzi wa lugha na washairi wenzangu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni furaha tu ya kukutana na ndugu wa damu aliyepotea. Ya pili ni nzito zaidi. Miaka ya karibuni, nikiwa nimestaafu, niliingia katika mzozo na ndugu zangu kuhusu nyumba niliyoijenga na mke wangu hapa Turwa. Katika mzozo huo silaha yangu haikuwa fedha wala sauti. Ilikuwa maneno ya zamani. Naomba msomaji anivumilie nikianza mbali kidogo, maana swali la nyumba ya maharusi ni ya nani lina historia ndefu, na majibu yake hayakuwa mamoja katika Afrika Mashariki.

Tuanze na neno *nyumba* lenyewe. Ni neno la Kibantu lililoenea mno, na popote lilipokwenda halikumaanisha kuta na paa peke yake. Wakikuyu hujiita nyumba ya Mumbi, yaani watoto wa mama mmoja. Katika Kiswahili, nyumba imezaa *chumba*, na imezaa *unyumba*, neno linalotaja maisha ya ndani ya mume na mke ambayo mtu mstaarabu hayasemi hadharani. Hata *mchumba*, masikioni mwa mshairi, husikika kama mtu aliyekwisha kutengewa chumba. Lugha yetu haikuona njia ya kuzungumzia ndoa bila kupita mlangoni.

Katika Kikuria jambo hili liko wazi zaidi. *Inyumba* ni jengo, lakini pia ni mke pamoja na watoto wake. Mwanamume wa zamani mwenye wake watatu alikuwa na boma moja na nyumba tatu. Kila nyumba ilikuwa na mashamba yake, ghala yake na hesabu yake ya ng'ombe. Binti wa nyumba fulani alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake hawakuingia katika kapu moja la baba wagawanywe apendavyo. Walikuwa wa nyumba aliyozaliwa, na kwa kawaida ndio waliomwolea kaka yake wa tumbo moja. Baba aliyewachukua ng'ombe wa nyumba ya mke mkubwa akaolea mtoto wa mke mdogo alijua kwamba amekopa, na deni hilo lingekumbukwa na wajukuu.

Chini ya nyumba kuna jiko, na chini ya jiko kuna mafiga matatu. Kiswahili kina desturi ya kusema kwamba mwanamume aliyeoa amepata jiko. Vijana husema hivyo kwa mzaha, wala hawajui walivyo karibu na elimu ya wazee wetu. Wakuria hutumia neno *irigiha*, lenye maana ya figa, kuitia mgawanyo mmoja wa ukoo. Watu wa ukoo mmoja ni watu wa figa moja. Sasa fikiri: ukoo ambao hujivunia majina ya wanaume, ambao urithi wake hupita kwa wanaume, ulipotafuta jina la kujiita ulikwenda kulichukua jikoni, mahali ambapo mwanamume wa zamani alikuwa haingii.

Nililiona jambo hilo kwa macho yangu kabla sijalielewa. Mwaka 1974, nilipokuwa na miaka kumi na mitano, Operesheni Vijiji ilitufikia. Tuliambiwa tuhame tukajenge katika kijiji kilichopimwa. Nyumba ya mama yangu ilibomolewa kwa siku moja. Baba alichukua milango, nguzo nzuri na mifugo. Mama alichimbua mafiga yake matatu, akayafunga katika gunia kuukuu, akayapakia juu ya mkokoteni. Baba akacheka. "Mke wangu, mawe yamejaa huko tuendako." Mama hakujibu. Tulipofika, kabla nyumba haijawa na paa, aliyapanga mafiga yale katikati ya uwanja akawasha moto, akapika uji wa wimbi. Tulikunywa tumesimama. Nakumbuka kwamba kuanzia jioni ile sote tuliacha kusema "huko tulikohamishiwa" tukaanza kusema "nyumbani".

Haifai, hata hivyo, kuyapamba ya kale. Mke wa Kikuria alikuwa *ndiye* nyumba, lakini hakuwa na nyumba. Alipofiwa, ardhi ilibaki kwa watu wa mumewe. Nyumba isiyokuwa na mtoto wa kiume ilihesabiwa kuwa na pengo, na ili kuliziba ikatokea desturi inayojulikana hapa Tarime na Serengeti kwa jina la *nyumba ntobhu*: mwanamke asiyekuwa na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akamwoa mwanamke mwingine ili amzalie watoto wa kuiendeleza nyumba yake. Wageni hushangaa wakisikia. Mimi huwaambia watazame jina. Desturi hiyo haikuitwa kwa jina la mume wala la ng'ombe. Imeitwa kwa jina la nyumba, kwa sababu kilichokuwa kikiokolewa ni nyumba.

Sasa tushuke pwani, tuone jibu tofauti kabisa. Katika mji wa kale wa Lamu, familia za waungwana zilikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa. Ilikuwa nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye vyumba virefu vyembamba, maana upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Aliyekuwa na nafasi alijenga nyumba mpya. Asiyekuwa nayo aliongeza ghorofa juu ya nyumba yake mwenyewe. Pengine nyumba ya mama na ya binti ziliunganishwa na *wikio*, kijia kinachopita juu ya uchochoro, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Bwana harusi ndiye aliyehamia. Fungate yake aliila katika nyumba ya mkewe, na baada ya fungate alibaki papo hapo. Mji huo, ambao mwaka 2001 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, umejengwa kwa sehemu kubwa na akina baba waliowaza mabinti zao watalala wapi.

Na hapo tena nisiwadanganye. Mwambao huohuo ndio uliotupatia utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu, aliomtungia binti yake yapata mwaka 1858, na kila mwanafunzi wa ushairi anajua jinsi unavyosisitiza utii wa mke kwa mumewe. Mwanamke aliweza kuwa na kuta zake na bado akafundishwa kunyenyekea ndani ya kuta hizo. Nyumba na heshima ni mambo mawili. Kwetu bara mwanamke alipewa jina bila kuta; kwao pwani alipewa kuta, na jina akaelekezwa kulitafuta katika radhi ya mume. Kila upande ulikuwa na nusu.

Karne ya ishirini ilileta aina mpya ya maharusi: vijana waliosoma, wenye mshahara, waliofunga ndoa kanisani au msikitini, na ambao maisha yao hayakukaa tena ndani ya boma la baba. Mfano ulio karibu nasi watu wa Mara ni wa wanandoa ambao kila Mtanzania anawajua, ingawa ni wachache wanaowafikiria kama maharusi. Maria Waningu Gabriel Magige alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1930 huko Baraki, katika iliyokuwa Wilaya ya Tarime na ambayo sasa ni Rorya. Alisomea ualimu Sumve, akarudi kufundisha watoto karibu na Musoma. Mchumba wake, Julius Kambarage Nyerere, alikwenda Edinburgh mwaka 1949 na kurejea mwaka 1952 akiwa na shahada. Akiwa amerudi kwao Butiama, akafanya jambo lililowashangaza watu waliotarajia kumwona msomi akikaa kivulini: akajenga nyumba ya matofali ya udongo kwa ajili yake na mchumba wake. Walifunga ndoa Musoma Januari 1953.

Nyumba ile hawakuikalia sana. Muda si mrefu bwana harusi aliajiriwa kufundisha historia Pugu, na Aprili mwaka huohuo alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, ambacho tarehe 7 Julai 1954 kiligeuka kuwa TANU. Machi 1955 aliacha kazi ya ualimu, na pamoja nayo mshahara. Hapo ndipo mwalimu mwenzangu yeyote atakapotua kidogo. Nyumba yenye watoto wadogo, na mshahara hakuna! Katika miaka hiyo ya Dar es Salaam, Mama Maria aliendesha duka dogo. Nyumba yao ya Magomeni leo ni makumbusho, na wageni huonyeshwa chumba na samani. Mimi nilipoizuru na wanafunzi wangu niliwaambia watazame jiko, kisha wajiulize: mapigano ya uhuru yaliposimuliwa, sukari ya chai ya wageni wote wale iliandikwa katika hesabu ya nani?

Swali hilo ndilo lililokuja kuulizwa na sheria. Mwaka 1971 Tanzania ilipata Sheria ya Ndoa, iliyojaribu kuzikusanya ndoa za mila, za dini na za serikali chini ya mwavuli mmoja. Ilisema kwamba ndoa ni ndoa hata kama mahari haijalipwa. Ilisema kwamba mume hawezi kuiuza wala kuiweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mkewe. Na ilisema kwamba ndoa ikivunjika, mahakama inaweza kugawa mali iliyochumwa na wawili kwa jitihada zao za pamoja, ikizingatia mchango wa kila mmoja katika fedha, mali au kazi.

Kazi! Neno dogo la herufi nne. Majaji waligawanyika juu yake kwa miaka mingi. Wengine walisema kazi ni ile yenye malipo. Wengine walisema kupika, kulea, kuchota maji na kutunza nyumba nazo ni kazi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango halali katika kuchuma mali ya ndoa. Jambo la kusikitisha ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu katika nyumba aliyoidai, kwa kuwa fedha za mtaji alizowahi kupewa na mumewe, ambazo biashara yake haikuzizalisha, zilihesabiwa kuwa ndizo fungu lake. Alishinda neno, akakosa nyumba. Lakini neno alilolishinda limewahifadhi wengi waliokuja nyuma yake. Hatimaye Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaongeza kwamba hata ardhi iliyoandikwa jina la mwenzi mmoja, yule mwingine hupata haki ndani yake ikiwa ameitolea jasho kwa kuizalisha na kuitunza.

Sasa nirudi Turwa, nilikoahidi kurudi.

Tulioana mwaka 1986. Baba yangu na wajomba walitoa ng'ombe 12, na mimi nilichangia wanne kati yao kwa mshahara wa mwalimu kijana, jambo ambalo lilinichukua miaka miwili. Fungate hatukuwa nayo. Siku ya tatu nilikuwa darasani, na mke wangu, ambaye leo kila mtu humwita Mama Bhoke kwa jina la mzaliwa wetu wa kwanza, alikuwa akitafuta mahali pa kuiweka cherehani yake katika chumba kimoja tulichopanga. Tulikuwa na mkeka, sufuria mbili, sanduku la vitabu vyangu na cherehani hiyo. Mama yangu alikuja kututembelea akiwa amebeba kitu kizito kichwani ndani ya kitambaa. Lilikuwa figa, moja kati ya yale matatu ya mwaka 1974. "Mengine mawili mtatafuta wenyewe," akasema.

Mwaka 1987 tulinunua kiwanja. Wasomaji vijana hawawezi kufahamu ilivyokuwa vigumu kupata bati moja katika miaka ile. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, madukani mlikuwa na rafu tupu, na saruji na mabati vilikwenda kwa kibali. Sisi wa Tarime tulikuwa na unafuu mmoja: mpaka na Kenya, uliofungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ulikuwa umefunguliwa tena mwishoni mwa 1983, na kupitia Sirari bati liliweza kufika, ingawa kwa bei iliyomtoa mwalimu jasho. Tofali tulifyatua wenyewe wakati wa likizo. Mke wangu alikanyaga udongo akiwa na mimba ya miezi mitano, nami nikamkataza, naye akaniuliza kama nimeajiri mtu mwingine. Nilikuwa sijaajiri.

Mshahara wangu ulitosha chakula na ada za wadogo zangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesoma. Mabati yalinunuliwa na cherehani. Alishona sare za shule, magauni ya Krismasi, viraka vya suruali za jirani. Alishona usiku kwa kandili, kwa kuwa mchana alikuwa shambani. Kila aliponunua bati aliandika katika daftari la mistari la kurasa 48 nililomletea kutoka shuleni: tarehe, bei, nani aliyelibeba. Nyumba ilihitaji mabati 42. Daftari linaonyesha kwamba 29 yalitoka kwenye cherehani. Tuliezeka mwaka 1991, tukahamia kabla sakafu haijakauka.

Miaka ikapita kama ijuavyo kupita. Watoto wanne wakasoma wakaondoka. Mimi nikastaafu mwaka 2019. Miaka miwili baadaye mtaa wetu ulipopimwa ili watu wapatiwe hati, niliwaita ndugu zangu, kama desturi inavyotaka, nikawaambia kwamba naandikisha kiwanja kwa majina mawili, langu na la mke wangu.

Kimya kilichofuata nakikumbuka. Kisha ndugu yangu anayenifuata akasema, kwa upole ambao ulinichoma kuliko ukali: "Kaka, shemeji tunamheshimu. Lakini yeye ametoka kwa watu wengine. Ukifa leo, jina la watu wale linakaa juu ya ardhi yetu. Nyumba ni ya ukoo."

Nilikuwa nimejiandaa kumtajia sheria ya 1971 na ya 1999. Nilizijua kwa vifungu. Lakini nilipomtazama niliona kwamba sheria zingemfanya anyamaze, wala zisingemfanya aelewe. Basi nikamwuliza kwa Kikuria: sisi ni watu wa nini? Akajibu jina la ukoo wetu. Nikamwuliza, ukoo kama huo, katika lugha yetu, huitwaje? Akasema, *irigiha*. Nikamwuliza, *irigiha* ni kitu gani? Akanyamaza. Mdogo wetu wa mwisho ndiye aliyejibu, akitazama chini: "Ni figa."

"Na figa ni la nani?"

Hakuna aliyejibu, nami sikuwalazimisha. Nikawaambia kwamba baba zetu walisema *inyumba* wakimaanisha mke na watoto wake. Kwamba ng'ombe wa dada yetu walihesabiwa ni wa nyumba ya mama, na ndio walionisaidia mimi kuoa. Kwamba kama nyumba ni mke, basi kumwandika mke katika hati ya nyumba si kuleta jambo la kigeni bali ni kuandika kwa wino tulichokuwa tukikisema kwa mdomo. Mama Bhoke, aliyekuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, hakusema lolote mpaka nilipomaliza. Ndipo akainuka, akaingia ndani, akarudi na daftari. Akamkabidhi yule ndugu yangu kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkwe maji.

"Shemeji," akasema, "siombi nyumba. Nyumba ninayo. Naomba kuandikwa."

Ndugu yangu alilisoma daftari lile ukurasa baada ya ukurasa. Katika ukurasa wa kumi na moja alikuta jina lake: mwaka 1989 alikuwa amebeba mabati matatu kutoka Sirari. Alilifunga, akalirudisha, akaaga.

Hati ilitoka mwaka 2022 ikiwa na majina mawili. Ningependa kuwaambia kwamba yote yaliishia kwa furaha, lakini mwanahistoria hana ruhusa hiyo. Mdogo wetu wa mwisho naye ameandikisha chake kwa majina mawili. Yule anayenifuata hajaingia ndani ya nyumba yangu tangu siku ile. Tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri, anauliza habari za watoto, na macho yake hayakai usoni mwangu. Ndiyo gharama, nami ninailipa. Pengine na yeye ana hoja ambayo sikuisikiliza vya kutosha: kwamba ardhi ikishaandikwa jina la mtu inaweza kuuzwa, na ikiuzwa, wajukuu wa boma letu watakuwa watu wa wapi? Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Nadhani tu kwamba haifai kutibiwa kwa kumfuta aliyeezeka paa.

Usiku hati ilipotoka nilimtungia mke wangu ubeti. Alipoolewa aliahidiwa mwalimu wa Kiswahili, na katika miaka thelathini na sita sikuwa nimemwandikia hata mmoja. Niliwasahihishia watoto wa watu tungo zao, nikamsahau wa nyumbani. Nauweka hapa, washairi mnisahihishe:

*Tulianza mkekani, hatuna hata kitanda,*
*Moshi mwingi wa jikoni, machozi yakitutanda,*
*Ukashona usikuni, hadi paa likapanda,*
*Jina lako li hatini, kwa haki, si kwa kupenda.*

Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama mizani imetimia. Nikamwambia imetimia, kumi na sita kila mstari. Akasema, "Basi vizuri, Mwalimu," akarudi jikoni kutazama maharage.

Siku hizi tunapikia gesi. Lakini nje, nyuma ya jiko, mafiga matatu yapo bado: moja la mama yangu, mawili tuliyoyaokota wenyewe mtoni mwaka 1986. Wajukuu wakija wakati wa likizo huwasha moto hapo wakachoma mahindi. Mjukuu mmoja, aliyezaliwa mjini na asiyejua Kikuria, nilimfundisha juzi kuhesabu. Alipofika sita akastaajabu, maana sita yetu, *isansaba*, ina saba ndani yake. Nikamwambia asiogope, aendelee. "*Muhungate*," nikamtajia. Akalirudia polepole, akalionja mdomoni, kisha akaniuliza kama neno hilo linatumika wapi.

Nikamwambia kwamba sisi hulitumia kila siku. Na kwamba wenzetu wa pwani hulitumia pia, ila wao wamelihifadhi kwa ajili ya watu wawili wanaoanza.